Miwani ya Syauswa

Butembo, Juni 2001

Mama Léa mpendwa, wewe unayejibu barua za wenye shida, nisaidie, maana mwili wangu uko hapa Butembo dukani ninapouza miwani na moyo wangu uko Mbau, upande wa Beni, anakopasua mawe ya ujenzi mchumba wangu Syauswa, naye haoni mbali, alipokuja kwetu na mbuzi wa posa alimwamkia jirani akidhani ni baba, akamkabidhi kamba, jirani naye akapokea, watu wanacheka hadi leo, ndipo Syauswa akaapa hatarudi mbele ya wazee bila miwani, na kwa vita hivi njia leo iko wazi kesho imefungwa, kila pikipiki ikitoka Beni nakimbilia mlangoni, namtamani, Mama, hata vumbi la mawe mikononi mwake nalitamani.

Vipimo vya macho yake ninavyo. Lenzi za plastiki ngumu za namba yake zimekwisha, zinangojwa kutoka Kampala na hakuna ajuaye lini, lakini za kioo zipo, ningezituma kesho naye angekuja, ila najua jiwe likirukia kioo kinapasuka na vipande vinaingia jichoni, na patroni, mwenye duka, anasema, "Uzisha ile ya kioo. Kama mutu hapana kuuliza, weye hapana kusema," na Syauswa hajauliza. Nizitume?

Kavugho

Binti yangu Kavugho,

Pole. Kutamani si kosa, na huyo jirani arudishe mbuzi. Lakini unajua jibu, kisha unaniuliza mimi! Mtu anayepiga nyundo juu ya jiwe kutwa umvishe kioo machoni, halafu siku ya harusi umpe fimbo ya kipofu? Usizitume. Ngoja plastiki, na hata hiyo si ngao, akipasua mawe avae kinga ya macho juu yake.

Mteja aliye mwalimu, huyo kioo kitamfaa, hakikwaruziki upesi. Ila kila anayeingia dukani muulize kazi yake, kisha umwambie kioo hupasuka, aulize asiulize. Patroni akinuna, anune. Jicho halina pièce, kipuri cha kubadilisha.

Sasa la moyo. Mimi umeniambia unamtamani, lakini yeye umemwambia lini? Kijana anaona haya tu. Njia ikifunguka apande nyuma ya pikipiki, kubebwa hakuhitaji miwani. Mtumie neno leo: "Kuja vile uko. Miye nitakushika mukono, nikuonyeshe baba."

Mama Léa