Shuka Lako na Nyanya Zako

Encarnación, 12 Julai

Mama yangu,

Nakuandikia kwa Kihispania ili Bibi, anayejua Kiguarani tu, asielewe. Vitunguu nilivipanda mwezi ukipungua, kama ulivyonifundisha, na vimeshika. Nyanya zako zimekufa zote.

Jumatatu redio ilitangaza kwamba usiku barafu ingeanguka na kuua mimea. Jioni Bibi alifunika bustani yake kwa mashuka yote aliyoyaona nyumbani.

"We Nimia, nyanya za mama yako utazifunika kwa kitu gani? Au utazifunika kwa aibu zako?"

Nikasema mashuka yamekwisha. Nilidanganya. Lako lilikuwa chini ya mto wangu. Sijalifua tangu uende kufanya kazi Buenos Aires, na kila siku nalinusa. Ningelitandaza udongoni, ningebaki na nini?

Nyanya nitapanda tena Agosti. Lakini harufu yako inaisha, Mama. Rudi.

Ni mimi, mwongo wako,
Nimia