Jani ya Mwisho ya Jiwe

Mama yangu,

Salamu sana, we na baba na bote ba nyumbani Baraka. Kikohozi ya baba iliisha? Mi niko muzima, ila kidole gumba tu, njo nitakuelezea. Kaka Amisi, umusomee mama yote, usiruke kitu!

Nilisikia dada Furaha amezaa. Mama, niliruka-ruka mupaka bantu ba kambi bakasema nimepagawa! Nilitaka kuanza safari ileile siku, nije nibebe mutoto. Lakini sikiya kwanza.

Huku nyuma ya Lulimba tunapasua mika, ile jiwe ya kungaa yenye bazungu banawekaka mu redio. Unaingiza kisu, inafunguka jani kwa jani. Ukiendelea, jani inakuwa nyembamba, inapata rangi kama mafuta juu ya maji. Ukiendelea tena, rangi inaisha. Hapo Koko Mwenda, muzee mwanamuke mwenye kutufundisha, anasema: "Acha! Jani ya mwisho banaiachaka juu ya mama yake, jiwe." Na bote banaacha.

Mi nikauliza: "Ikibanduka, inafanya nini?"

"Haiwezi kukaa yenyewe. Inatetemeka, inajikunja, inatafuta kwenye italala."

"Italala wapi?"

"Kwako, sha, we mwenye mikono haitulie!"

Bamama bakacheka.

Unanijua, Mama. Niliibandua. Sikuiona, niliona tu mwangaza inapindika pembeni ya kisu. Upepo haikukuwa, hata jani moja ya mugomba haikutikisika, lakini ile kitu ilikuwa inapumua! Nikasogeza kidole. Ikalala.

Sasa haitoke. Nimesugua na muchanga, bure. Ukiangalia, hakuna kitu. Lakini maji inateleza pale, moto siisikie, na nikitulia kidole inatetemeka yenyewe. Koko aliona hiyo kidole, akavuta mukono yake nyuma. "Inapenda ngozi mupya," akasema.

Ngozi mupya, Mama! Nitabebaje mutoto?

Njo nimefikiri: karatasi nayo iko laini. Nimekandamiza kidole hapa chini, asubuhi muzima. Mupulizie pumzi pale. Pumzi ikikataa kushika, karatasi ikibakia kavu, njo iko pale, imeniacha. Karatasi muilaze juu ya jiwe ya ziwa, muniite, nitakuja mbio.

Unisalimie Furaha, na mujomba mwenye mutumbwi, na mama mukwe wa Furaha mwenye maneno mingi.

Ni mi binti yako,
Zaina

Kaka Amisi, hii karatasi umeishika wapi? Si pale chini?