Nimekutoa Nje ya Mstari wa Njano

Mwalimu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila salamu utaninunia hata huko uliko.

Kabla hujaambiwa na mwingine, nikuambie mwenyewe: wiki hii nimekutoa nje ya maabara. Kwa kamba. Watu wanalia, mimi nawafokea. Idara nzima inanisema kwamba sina moyo. Basi nisikilize kwanza, halafu uninunie vizuri.

Tangu tukuzike Hombolo, mashine haijapumzika. Wafamasia wanaleta mizizi yao, watu wa kilimo wanaleta mvinyo, wanakemia ndiyo usiseme, na kila mmoja anataka sampuli yake isomwe kwanza. Nimeshikilia neno lako: zamu ni zamu, hata kwa bosi. Wananichukia kama walivyokuchukia wewe. Hilo nalimudu.

Kilichoninyima usingizi ni heliamu. Unajua mwenyewe, ile baridi yake ndiyo inayoiweka hai ile sumaku kubwa ya mashine yetu. Ikiisha, sumaku inapata joto na kuzimika. Mzigo wetu ukakwama bandarini, na kila asubuhi nikisoma kipimo kimeshuka. Wakubwa wakaniambia bila kupepesa macho kwamba ikizimika safari hii haiwashwi tena, chumba kitageuzwa ofisi. Mwalimu, nilikukasirikia. Nilikuwa nikipita kwenye kiti chako nasema, yaani umeona huu ndio wakati wa kufa?

Hatimaye mzigo ukaachiwa. Dereva alipopiga simu kwamba yuko Ihumwa, nilikimbia getini kama mtoto anayepokea mgeni. Huku nyuma wenzetu wakaamua kunishtukiza. Walikuwa wamesafisha picha yako, ile uliyokunja uso, wakampelekea fundi wa mageti aitie kwenye fremu. Fundi naye akamwaga ujuzi wake wote: chuma kizito, na maua kwenye kona. Wakaja nayo. Wakavua mikanda, wakaacha funguo na simu kwenye kikapu chako pale mlangoni, kama ulivyowafundisha. Halafu wakavuka mstari wa njano, ule ambao chuma hakiupiti, wamekubeba. Funguo walizikumbuka. Fremu hakuna aliyeifikiria, maana kwao kile hakikuwa chuma, kilikuwa wewe.

Kishindo nilikisikia nikiwa koridoni. Nikaingia, nikakuta wameganda, mikono mitupu hewani, na wewe umenasa ubavuni mwa sumaku, unatukodolea macho. Namshukuru Mungu hakubanwa mtu kidole. Nikatega sikio nisikie ule mvumo wa gesi ikitoroka, dalili kwamba sumaku inazimika. Kimya. Ilikuwa bado hai.

Mafundi wa heliamu wakasimama mlangoni na mtungi wao. Hawajazi chochote chuma kikiwa pale, wakasema. Na wote tulijua kwamba chuma hicho kikivutwa ovyo, mtikisiko wenyewe unatosha kuizima. Mkuu wa idara alikuwa anatokwa na machozi. "Mwache tu, Zuhura," akasema. "Amekuja kukaa na mashine yake." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Wallahi, Mwalimu, hata mimi nilitaka kukuacha. Ulikuwa umerudi. Ulikuwa palepale uliposimama kila asubuhi ukiiambia mashine, "Mbukwa, bibi," nami nakucheka kwamba Mgogo huyu anaamkia jokofu. Nilikuwa nimekukumbuka mno.

Nikakumbuka siku uliyomrudisha askofu mlangoni kwa sababu ya mnyororo wa msalaba wake. Sisi tulikufa kwa aibu. Wewe ulimwambia kwa upole, "Baba, sumaku haijui mtu."

Nikaagiza kamba ya katani na kabari za mbao. Tukakubandua kona kwa kona, taratibu, na kila tulipopata upenyo sumaku ilikuvuta tena, nasi tunashikilia, jasho linaingia machoni. Nilitukana, nisamehe, tena kwa Kirangi. Neema wa famasia akapiga kelele, "Dokta, unamkwaruza uso!" Nikamjibu akwaruzwe tu. Ukaachia. Tukakuburuta hadi ng'ambo ya mstari, nami nikakaa sakafuni nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Siku ya mazishi sikulia hivyo.

Wakajaza heliamu. Kipimo kikapanda, na mchana Neema akapata zamu yake.

Fremu ameichukua mama, mjane wako. Ameweka picha ya harusi yenu. Kumbe uliwahi kucheka mbele ya kamera! Hii ya kununa nimeibandika kwa gundi tupu nje ya mlango, juu ya kikapu. Una mkwaruzo shavuni. Sasa kila anayefika anakutazama kwanza, halafu anajipapasa mifuko bila kuambiwa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mashine naiamkia mimi sasa, Mbukwa yangu mbovu lakini haijalalamika. Na nakuahidi, maadamu niko hai, chuma hakitavuka ule mstari, awe amekibeba nani. Nakukumbuka kila saa. Ukitamani kuja kutuona, njoo. Ila pitia mlangoni kama watu wote, na kila ulichonacho ukiache kwenye kikapu.

Mwanafunzi wako,
Zuhura