Vyombo vya Mavyaa Chumbani Mwangu

Bi Tumu, assalaam aleikum, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwani nimefika pabaya. Nimeolewa mwaka huu Mji wa Kale, nyumba ya kwao mume wangu Fuad, nyumba kongwe ya mawe, na chumba tulichopewa kina ukuta mzima wa vidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, nami niliyelelewa kwenye fleti za Buxton nilipoviona nilifurahi, nikasema hapa nitapanga manukato yangu na mafuta ya nywele, kumbe vimejaa sahani za kaure na mabakuli ya mavyaa wangu, Bi Mejumaa, naye kila asubuhi huja kuvipangusa, habishi hodi, husema tu, "Ni mimi," na akishaingia ndio ameingia, apangusa bakuli moja moja huku akituuliza mbona hatujaamka. Juzi alimkuta Fuad ametoka kuoga, maskini akajisitiri kwa mtandio wangu, na mama yake akamwambia, "Umekonda, mwanangu, huli?" kisha akanitazama mimi!

Siku hiyo uvumilivu ulinishinda, nikavifunga vyombo vyote kwa magazeti, nikavitia kwenye katoni, nikaisukuma mvunguni, nikapanga chupa zangu. Alipoingia akaona, hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alishika ukingo wa kidaka akasema, "Vyombo hivi alinipangia mama yangu siku niliyoingia chumba hiki bibi harusi," akatoka, na tangu hapo hali nami chakula, ananijibu salamu basi. Nikimwambia Fuad aseme naye, hujibu, "Hayo ni ya wanawake," akaenda zake ufukweni Mama Ngina kula mihogo. Kwa hasira nimemwita fundi Kenga aje Jumamosi avizibe vidaka vyote kwa saruji yaishe, lakini roho yanisuta. Nizibe au nihame?

Swafia, Mji wa Kale

Waaleikum salaam, Swafia. Mpigie Kenga simu sasa hivi, kabla hujasoma zaidi, umwambie asije. Ushampigia? Haya.

Kwa ule mtandio nimecheka, nisamehe, lakini pole ni yako kweli. Chumba cha mume na mke hakiingiwi bila hodi, hata na aliyemzaa mmoja wao. Hapo haki unayo. Ila wewe nawe! Vyombo alivyopangiwa na mamake unavitupa mvunguni kama ndara kuukuu, bila hata neno? Yule hakuja kuwapeleleza. Amekupa chumba alichoingia yeye akiwa mwari, na nadhani hakuna aliyemwambia ahsante.

Leo alasiri itoe katoni, mketi chini wawili, mfungue pamoja. Muombe radhi kwanza, kisha umuulize kila kimoja kilitoka wapi, na usimharakishe. Akishachangamka, mwambie ungependa vipangwe kwenye vidaka vya ukumbini, wageni wavione, na umwombe akuachie bakuli moja chumbani, alichague mwenyewe. Mlango tia komeo.

Na mumeo msomee hapa kwa sauti. Fuad, huyo ni mama yako, na hodi ni juu yako kumwomba, kwa adabu, leo hii. Kisha vyombo vyote uvibebe wewe mpaka ukumbini. Kikikuponyoka kimoja utasamehewa, mwana ni mwana. Swafia asithubutu kushika hata kisahani.