Mama Apanda Boti ya Mpira

Dada mpenzi,

Tumefika salama. Mji uko chini ya milima, na mto unanguruma hadi chumbani. Mama alikuwa bado hasemi, vilevile kama ulivyomwacha tulipomzika baba. Waumini waliomwombea ukingoni mwa mto hawakupata hata neno kutoka kwake.

Tukapanda boti kuvuka kwenda nyumba ya sala ng'ambo. Hata walipotuvalisha majaketi ya kuokolea sikushtuka. Kumbe ni boti ya watalii wanaoshuka maporomoko! Wimbi la kwanza lilipotulowesha, mama akamkamata nahodha shati: "Wewe baba, nyumba ya sala si ile unaipita?"

Nililia huku nikicheka. Jioni akaniuliza, "Mwanangu mkubwa hapigi simu?"

Piga, dada. Atapokea mwenyewe.

Mdogo wako, nguo bado mbichi