Vimulimuli wa Kilambo

Dada Somoe,

Nakusalimu kutoka Kilambo, miguu imevimba na vumbi limenijaa kooni. Hapa jua likizama hatuwashi taa, tunaogopa mabomu ya ndege za Wareno kutoka ng'ambo ya mto. Jana baada ya magharibi mgambo aliyafokea matete ya mtoni: "Nyie huko, zimeni taa!" Taa zikazidi kumetameta. Shangazi akamwambia, "Baba, hao vimulimuli."

Tukacheka, kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukinitilia vimulimuli ndani ya chandarua nisiogope giza. Bado naliogopa.

Nimemsihi shangazi tuje naye huko Ufukoni mpaka sauti imenikauka. Anasema atahama siku vimulimuli watakapotii amri ya mgambo. Basi usinitazamie upesi. Nipakatie watoto, dada yangu.

Nduguyo,
Hamisi