Kampuni Haina Kifuku

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri hapo Mkula na goti limepunguza kukusumbua. Mimi mwanao kwa mwili sijambo, kazi ya gereji inaendelea, ila moyoni siko sawa, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Dada Modesta, najua wewe ndiye utakayemsomea mama. Soma yote tafadhali, usiruke hata pale utakaponionea aibu.

Mama, juzi uliponipigia ulisema akina mama wa kikundi chako wamekubaliana kuuza mpunga wote ulioko stoo, fedha mnitumie niwanunulie hisa. Ukasema, "Tumekuamini, mwanangu, tunauza hata wa mbegu." Nami nikajibu, "Sawa, mama." Haikuwa sawa, niliona haya tu. Nakuomba sana, mpunga usiuzwe.

Unakumbuka Pasaka nilivyojidai. Mliniwekea kile kiti cha plastiki mbele ya kikundi, ukakitandika kitenge chako kipya, nami nikaongea kama waziri. Niliwaambia kununua hisa ni kununua kipande cha kampuni, na hilo ni kweli. Kisha nikasema, "Nyie biashara hii mnaijua tayari. Wakati wa mavuno mpunga bei ya kutupa, mnafunga stoo, kifuku kikifika, mvua zikakolea, wanunuzi wanawabembeleza wenyewe. Na hisa ni hivyo hivyo." Mama Deo akapiga vigelegele.

Basi mwenyewe nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Akiba yote ya bati za nyumba yako niliitia kwenye kampuni moja, kwa sababu bei ya hisa zake ilikuwa imeshuka. Iliposhuka tena nilifurahi, nikaongeza, nikasubiri kifuku. Mama, kampuni haina kifuku. Mpunga hupanda bei kwa sababu watu wanakula kila siku na stoo zinakwisha. Kampuni ile ilikuwa inashuka kwa sababu biashara yake inakufa, na taarifa zake za hesabu zilikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Sikuzisoma. Hata gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, halikutoka. Mwenye nyumba alipotaka kodi ya mwaka sikuwa na kitu kingine, nikauza kwa hasara kubwa. Ndiyo sababu bati hazijafika. Habari kwamba duka limeishiwa bati za rangi uliyotaka nilizitunga.

Sisemi hisa ni utapeli. Yule dada dalali aliyeninunulia alinionya siku ya kwanza kabisa: nunua kidogo kidogo, kwenye kampuni kadhaa, na utumie hela ambayo hutaihitaji kwa miaka. Nilimwona mwoga. Nikashika simu na kuangalia bei asubuhi na jioni, nikadhani huko ndiko kujua. Lakini huo mpunga wenu ni chakula, ni ada za watoto, ni mbegu ya msimu ujao. Hela ya namna hiyo haiendi kwenye hisa, hata aseme nani, na hasa nikisema mimi.

Usijisumbue kuwaeleza wenzako, Mama. Wasije wakakucheka wewe kwa makosa yangu. Kikundi kitakapokutana mwezi ujao nitakuja kuwaambia kwa mdomo wangu. Wewe waambie tu wasifungue stoo mpaka nifike.

Nisalimie mjomba Fidelis aliyenifundisha kuendesha pawatila ya kulimia, shemeji yangu mume wa Modesta, na bibi, mwambie bado natumia blanketi lake. Mama Deo naye msalimie, ila vigelegele aviweke kwanza.

Na siku hiyo, Mama, kile kiti usiniwekee. Kitenge chako kivae mwenyewe. Mimi nitakaa mkekani.

Mwanao anayekuonea haya,
Gaspari